Miche Niliyogawa

Ugonjwa uliomaliza nyanya za majirani zangu ulitoka katika kitalu changu. Niliugawa kwa mkono wangu, mche kwa mche, huku nikishukuriwa. Nilipokuja kuutambua nilikaa kimya mpaka wenzangu wakapanda msimu mwingine kwenye udongo uleule. Ni makosa mawili, na la pili linaniuma kuliko la kwanza.

Ninafundisha biolojia sekondari, hapa Morogoro. Nyuma ya nyumba nina kipande cha ardhi kinachopitiwa na maji ya mvua yanayoshuka kutoka upande wa Milima ya Uluguru. Udongo wake ni mweusi, mzito, unashika maji. Kwa miaka kadhaa nilivuna pale chainizi, nyanya, bilinganya, ngogwe na pilipili hoho, na majirani walikuwa wakija kuomba mbegu na ushauri. Waliniita Mwalimu hata walipokuja kuuliza habari za mbolea ya kuku, nami niliipenda heshima hiyo. Mtu akileta jani lenye madoa, nilikuwa na jibu kabla hajamaliza kusema amelichuma wapi.

Joto la kuelekea mvua za vuli lilipopanda, nyanya zangu zilizokuwa zimeanza kuchanua zikaanza kulala mchana. Majani ya juu, yale machanga, ndiyo yaliyotangulia. Hayakuwa na umanjano wala madoa, wala hayakutobolewa na mdudu. Jirani mmoja alidhani ni kantangaze, lakini kiwavi wa kantangaze huchimba njia ndani ya jani na kuliacha na mabaka yaliyokauka. Haya yalikuwa mazima, ya kijani kibichi, yamelegea tu. Jioni yalisimama tena. Nikasema ni kiu.

Jibu hilo lilikuwa na elimu ndani yake, na hapo ndipo lilipokuwa na hatari. Jani changa halina mti wa kulishikilia. Linasimama kwa sababu seli zake zimejaa maji yanayosukuma kuta zake kutoka ndani. Mchana, vitundu vilivyo kwenye ngozi ya jani hufunguka ili hewa ukaa iingie kwa ajili ya usanisinuru, na kwa vitundu hivyohivyo maji hutoka yakiwa mvuke. Mnyanya mkubwa unaweza kupoteza zaidi ya lita moja kwa siku. Maji yanayotoka juu huvuta mengine kutoka chini, kupitia mirija myembamba ya zailemu inayoanzia mizizini na kuishia kwenye mishipa ya jani. Stephen Hales, kasisi wa Uingereza, aliupima mwendo huo wa maji kwa mizani na kuuchapisha mwaka 1727, na kila mwaka mimi nasimama mbele ya darasa na kuufundisha: kinachotoka kikizidi kinachoingia, jani hulegea, usiku vitundu vikifungwa, mizizi hufidia, na jani husimama.

Yote hayo ni kweli. Lakini kanuni hiyo inasema tu kwamba maji hayafiki kwenye jani. Haisemi kwa nini. Yanaweza kuwa hayapo udongoni. Yanaweza kuwa mengi mno hata mizizi ikakosa pumzi. Yanaweza kuwa ya kutosha ila chumvi ya mbolea imeyashikilia. Na yanaweza kuwa yapo, mizizi iko tayari kuyanyonya, lakini mirija imeziba njiani. Sababu nne kwa dalili moja, na mimi nilichagua ya kwanza bila hata kuingiza kidole udongoni.

Ningekiingiza ningekuta unyevu mpaka kwenye kiungo cha pili. Badala yake nikaongeza maji, asubuhi na jioni, mpaka mitaro kati ya matuta ikawa inang'aa. Mizizi ni viungo hai vinavyohitaji nishati ili vifanye kazi, na nishati hiyo hutoka kwenye sukari inayochomwa kwa oksijeni. Ndani ya udongo uliojaa maji oksijeni hupenya polepole mno, mara 10,000 polepole kuliko inavyopenya hewani. Kwa hiyo mmea uliofurika maji hunyauka sawasawa na wenye kiu, na mwenye bustani asiyejua hilo huuongezea maji ili kuuokoa. Mimi nilikuwa nalijua. Nimewahi kulitungia swali la mtihani.

Zilipozidi kulala nikaongeza urea. Katika kila kilo 100 za urea kuna kilo 46 za naitrojeni, na ndiyo maana bei yake inavutia na kosa lake ni kali. Ikiingia udongoni hugeuka amonia kwanza, na amonia ikiwa nyingi karibu na mzizi huuunguza. Chumvi zake nazo huyavuta maji yakae upande wa udongo badala ya kuingia kwenye mzizi. Na mmea ukifanikiwa kuinyonya, hutoa majani mengi laini yanayopendwa na vidukari. Niliwawekea mbolea wagonjwa wasioweza kula.

Haya yangeishia kwangu ningekuwa sina cha kuungama, maana hasara ya mtu katika bustani yake ni ya kwake. Lakini kipindi hichohicho nilikuwa na kitalu kilichojaa miche, kando ya tuta lililokuwa likinyauka, na majirani walikuwa wanaitaka. Ilikuwa na afya ya kutazama: shina nene, majani mapana. Niliing'oa na udongo wake ili mizizi isiumie, nikaifunga kwenye majani ya mgomba, nikaigawa. Wengine niliwapa na mboji ya kuanzia. Mboji hiyo ilitoka kwenye shimo nililokuwa nikitupia minyanya iliyokufa.

Mmoja wa waliochukua ni mama mjane wa nyumba ya chini yangu, mwenye genge la mboga. Bustani yake haikuwa ya kujifurahisha. Nyanya alizopanga mafungu mezani asubuhi ndizo zilizonunua unga wa jioni. Baada ya muda alinisimamisha njiani.

"Mwalimu, nyanya ulizonipa zinalala mchana."

"Zina kiu, mama. Zimwagilie zaidi."

Alikuwa akichota maji bombani na kulipia ndoo. Aliongeza ndoo kwa sababu mimi nilisema.

Msimu ulipokwisha kwa hasara, niliamua kubadilisha mazao kama vitabu vinavyoagiza. Palipokuwa na nyanya nikapanda bilinganya. Palipokuwa na bilinganya nikapanda pilipili hoho. Kando nikaacha mnavu ujiotee kwa ajili ya mboga. Nikaona nimetimiza kanuni, na nikawaambia wenzangu wafanye vivyo hivyo. Tazama ua la nyanya, la bilinganya, la ngogwe, la pilipili, la mnavu na la kiazi mviringo: petali tano zilizofunguka kama nyota, na katikati stameni zimesimama pamoja. Hiyo ni familia moja, Solanaceae, na kinachoua mmoja wao mara nyingi kinawajua wote. Nilikuwa nikimwandalia adui sahani mpya kila msimu. Mazao hubadilishwa kwa kufuata ukoo wa mimea, na darasani uainishaji ndilo somo ninalolipenda kuliko yote.

Aliyenitoa gizani ni kijana niliyemfundisha zamani, ambaye sasa ni bwana shamba. Alipita kunisalimia, akaenda nyuma kuona bustani, akainama kwenye bilinganya iliyolegea. Hakusema ni nini. Aliuliza tu, kwa adabu: "Shina umelikata, Mwalimu?"

Sikuwa nimelikata. Akaomba kisu na bilauri ya maji safi. Alikata shina karibu na udongo, kipande cha urefu wa kidole, akalifuta matope. Ndani, chini ya ganda, palikuwa na duara la rangi ya kahawia mahali ambapo pangepaswa kuwa peupe. Akalifunga uzi, akalining'iniza kwenye bilauri hivi kwamba sehemu iliyokatwa iguse maji tu, akaniomba nisitikise meza. Tulikuwa bado hatujamaliza kuulizana habari za nyumbani wakati nyuzi nyeupe zilipoanza kushuka kutoka kwenye lile jeraha, nyembamba, zimenyooka, kama moshi wa ubani uliogeuzwa ukashuka badala ya kupanda. Kila uzi ni mamilioni ya bakteria wakitoka kwenye mirija ya zailemu.

Ni mnyauko bakteria. Kisababishi chake, Ralstonia solanacearum, kilielezwa na Mmarekani Erwin Smith mwaka 1896, na kinashambulia zaidi ya aina 200 za mimea, ikiwemo tangawizi na karanga. Huishi kwenye udongo na maji. Huingia kwa jeraha lolote la mzizi, liwe la jembe, la minyoo fundo, au ule upenyo mdogo unaobaki pale mzizi mpya unapochomoza kutoka kwenye mzizi mkubwa. Kikishafika kwenye zailemu huzaliana na kutoa ute mzito, na ute huo ndio unaoziba njia. Mmea hufa kwa kukosa maji hali umesimama kwenye tope. Hufa ukiwa wa kijani kwa sababu kufa kwenyewe ni haraka, majani hayapati muda wa kugeuka manjano. Mnyauko wa fuzari, ambao ni wa kuvu, huenda taratibu. Majani ya chini hupata umanjano kwanza, mara nyingi upande mmoja, na shina lake ukiliweka kwenye bilauri halitoi nyuzi hizo. Bakteria hawa hupenda joto la kama nyuzi 30 na udongo ulioloa. Joto lilikuwepo. Udongo nilikuwa nikiulowesha mimi.

Hakuna dawa ya duka la pembejeo inayouponya mmea ulioingiliwa hivyo. Ile ya ukungu niliyokuwa nikipulizia, nilikuwa nikipulizia majani yasiyo na ukungu. Kijana alinieleza yote kwa sauti ya chini, kisha akauliza kama nimempa mtu miche. Nikamwambia, "Michache."

Hapo ndipo kosa la pili lilipoanza. Nilijua, nikiwa nimeiona bilauri kwa macho yangu, kwamba ugonjwa ulikuwa umeshuka kwa majirani katika ule udongo niliouhifadhi kwa uangalifu kuzunguka mizizi. Nilijua kwamba mboji yangu ilikuwa na bakteria, kwa kuwa lundo la nyumbani mara nyingi halifikii nyuzi 55 kila upande wake, joto linalotakiwa ili kuua vimelea vya namna hii. Nilijua kuwa jembe langu lilikuwa likiazimwa nyumba kwa nyumba, na kwamba mvua ikinyesha maji ya bustani yangu hupita kwenye bustani ya yule mama kabla ya kufika mtaroni. Masika ilikuwa haijaanza. Kilichotakiwa ni kuzunguka nyumba chache jioni moja na kusema: msipande nyanya, nimewaletea ugonjwa.

Sikuzunguka. Nilijiambia kwamba huenda kwao haukushika. Nilijiambia kwamba sina uhakika mpaka nipime mashina yao, na sikwenda kuyapima. Nilijiambia kwamba ugonjwa huu umeenea, wangeupata tu. Sababu ya kweli ni kwamba sikutaka kuacha kuwa Mwalimu. Aliyesema kwa sauti kubwa kwamba ni kiu angetakiwa arudi aseme hakuwahi kutazama. Nikatengeneza bustani yangu kimyakimya: nikang'oa wagonjwa, nikawachoma moto, nikafukia lile shimo la mboji, nikapanda mahindi. Majirani waliniona na wakadhani nimependa mahindi.

Masika ikaja, nao wakapanda nyanya. Nilipita njiani nikamwona yule mama akizifunga kwenye miti ya kuegemea, mstari kwa mstari, nikamsalimia, nikapita. Zilipofikia kuchanua zikalala, zote kwa mpigo, kwa sababu msimu huo bakteria hawakuja na mche mmoja mmoja. Walikuwa wameshajaa udongoni wakisubiri.

Nilikwenda kwake wakati tayari ameshang'oa nusu. Nimeandika sentensi hiyo mara kadhaa na kila mara nimetamani iseme kitu kingine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, vuta kigoda."

Nikamweleza. Nilianza na sayansi, bakteria na mirija, na nikaona kwamba najificha nyuma yake, nikaacha, nikasema: ugonjwa huu umetoka kwangu, katika miche niliyokupa.

Alikaa kimya kidogo. Kisha akauliza, "Ulijua tangu lini?"

"Kabla ya masika."

"Mimi nimepanda masika."

"Najua, mama."

"Ile mbegu nilinunua kwa hela ya mchezo."

Sikuwa na la kujibu, na hakunisaidia kulipata. Baadaye alisema nimwonyeshe hicho kitu cha kwenye bilauri. Nilikata shina mojawapo, nikalining'iniza, tukatazama pamoja. Nyuzi ziliposhuka aliinama mpaka pua yake ikakaribia kioo, akatazama muda mrefu kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kumfundisha. Kisha akaniuliza maswali matatu ambayo mimi nilipaswa kuyauliza mwaka mzima uliopita: vimelea hivyo vinakaa udongoni muda gani, vinakula nini kama hakuna nyanya, na maji yanayotoka kwako yanapita wapi.

Vinaweza kukaa miaka, nilimwambia, na zaidi ya hapo vikipata magugu ya ukoo ule au mizizi iliyosahaulika ardhini. Mahindi na vitunguu havivipi makazi, kwa hiyo hapo tukapanda mahindi na vitunguu, na mnavu wowote unaochomoza tunaung'oa. Maji tumeyachimbia mfereji pembeni ili yasipite katikati ya bustani yake. Ule mfereji niliuchimba mimi. Matuta tumeyanyanyua yapumue. Nyanya zake za genge zimehamia kwenye viroba vilivyojazwa udongo wa mahali pasipowahi kulimwa jamii ya nyanya, vimewekwa juu ya matofali ili visiguse ardhi, na jembe la kule haliji huku kabla ya kuoshwa kwa maji yenye dawa ya kufulia ya klorini. Tunajifunza pia kubebesha, yaani kuunganisha kikonyo cha nyanya juu ya shina la aina ya bilinganya inayostahimili ugonjwa huu, njia ambayo watafiti wa World Vegetable Center wameieneza kwa wakulima. Miche mingi ilitufia mwanzoni kwa sababu kidonda kinahitaji unyevu na kivuli mpaka mirija ya pande mbili iungane. Fedha ya mbegu nilimrudishia. Msimu haurudishwi.

Kwa wengine nimekwenda nyumba kwa nyumba, na si kila mlango ulifunguliwa kwa tabasamu. Baba mmoja aliniambia kuwa sasa anaelewa kwa nini nilipanda mahindi, akafunga mlango. Ana haki.

Darasani nimebadilisha jambo moja. Somo la usafirishaji wa maji kwenye mimea lilikuwa likianza na mchoro ubaoni na kuishia na tawi lililotumbukizwa kwenye maji ya rangi nyekundu, ambalo kila mtu anajua mapema litakuwa jekundu. Sasa nawaletea wanafunzi mimea inayonyauka, mmoja wa ndoo isiyotoboka chini, mwingine uliokosa maji kweli, mwingine uliotiwa urea kupita kiasi, nao wanatakiwa waseme sababu baada ya kugusa udongo, kunusa mizizi na kukata shina. Jibu linalotolewa kabla ya kugusa silipokei, hata likiwa sahihi. Mnyauko bakteria wenyewe siuleti shuleni. Unaonyeshwa kwa picha, kwa sababu nimeshasambaza vya kutosha.

Lipo jambo ambalo bado sijalimaliza. Kitalu changu kilitoa miche kwa watu ambao sikuwaandika majina, na baadhi yao waliwapa ndugu zao. Kama ulipewa miche ya nyanya na jirani yako mwalimu hapa Morogoro, au mtu yeyote alikupa miche iliyofungwa na udongo wake, na mchana nyanya zako zinalala zikiwa za kijani, usiongeze maji na usinunue dawa. Kata shina moja karibu na ardhi, lining'inize kwenye bilauri ya maji safi, usitikise, subiri dakika chache. Ukiona nyuzi nyeupe zinashuka, ng'oa mmea na mizizi yake yote, uuchome, na usiutupe kwenye mboji. Hapo usipande nyanya, bilinganya, ngogwe, pilipili wala viazi mviringo kwa misimu kadhaa. Usimpe mtu mche wala udongo kutoka hapo. Na majirani uliowagawia waambie leo, kabla hawajapanda.